Kulala Takwa na watoto wadogo: namna ya kupanga safari ya mashua ya usiku mmoja kutoka Lamu

Ukiuliza Lamu pa kwenda kulala kwa mashua, utatajiwa Manda Toto, Pate, Kiwayu. Ni kuzuri kote huko, na siku moja watoto watafika. Lakini kama mdogo wenu hajatimiza miaka saba na hajawahi kulala nje ya nyumba, nakuelekeza Takwa, ule mji wa kale ulio ndani ya kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo tu. Upepo ukikubali, kwa tanga ni kama saa moja. Mwisho wa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko unashuka, unapanda kidogo, na uko katikati ya kuta za mawe ya matumbawe, mibuyu na msikiti wenye nguzo juu ya kibla.

Mtoto wa miaka minne hajali mmekwenda maili ngapi. Akikaa chomboni saa moja anafurahi, saa mbili anauliza chakula, saa ya tatu analia na wewe mwenyewe umechoka. Kwa hiyo panga safari iwe fupi na kukaa kuwe kurefu. Mengine yote utapangiwa na maji.

Kwanza: chagua siku kwa kuangalia mwezi

Mkono wa Takwa huingilika maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, hubaki matope na mizizi ya mikoko, na mashua iliyochelewa hupwelewa hapo hapo mpaka maji yarudi. Watu wazima wanaweza kuvumilia saa sita za kukaa matopeni chini ya jua. Watoto hawawezi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Pwani yetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bamvua, yaani yale yanayopanda na kupwa kuliko siku nyingine, hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne. Sasa rudi nyuma siku mbili: tarehe 12 au 13 ya mwezi mwandamo, maji yatajaa kati ya saa nane na saa tisa mchana. Hiyo ndiyo siku yako. Unaondoka Lamu baada ya chakula cha mchana maji yakiwa bado yanapanda, unafika Takwa yakikaribia kujaa, yanapwa usiku wakati watoto wanalala, yanajaa na kupwa tena bila kukuhusu, na kesho yake yanajaa karibu na saa tisa alasiri ukiwa tayari kurudi. Mna siku nzima bila kukimbizana. Juu ya hayo, mwezi unakaribia kuwa mpevu, na watoto wanaoogopa giza wana taa kubwa mbinguni karibu usiku kucha.

Usiishie kwenye hesabu hii ya kichwani. Tafuta jedwali la maji la Lamu lenyewe, maana nyakati za Kilindini, bandari ya Mombasa, hazilingani kamili na za Lamu. Jedwali huandika saa kwa mtindo wa ofisi: 1430 ni saa nane u nusu mchana. Kisha mwonyeshe nahodha tarehe uliyoichagua. Akisema siku hiyo maji hayatatosha kwa chombo chake, mwamini yeye, uliache jedwali.

Usichague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu tu mkondo ni mpole. Siku hizo maji hayapandi sana, na mashua yenye mkuku (mti wa chini kabisa ya chombo) mrefu huenda isifike ndani.

Msimu

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wakati wa kumzoesha mtoto bahari. Februari na Machi ni bora kwa wasioanza shule. Wenye shule wachukue likizo ya Desemba. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka, mlango wa Shela hurusha mawimbi, na watoto wadogo hawana cha kufurahia. Aprili na Mei ni masika. Tangambili, pale kaskazi inapokwisha au kusi inapolegea, bahari hutulia lakini upepo hukosekana, kwa hiyo hakikisha chombo kina mashine inayowaka.

Siku mbili kabla ya kuondoka tazama utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Mpaka wangu na watoto wadogo ni upepo wa kilomita 25 kwa saa. Ukizidi hapo, bahari ya nje huanza kuvunja povu jeupe kila mahali, na hiyo ni alama mtu yeyote anaiona kwa macho akiwa gatini. Ukiiona, rudini nyumbani.

Nahodha na chombo

Tafuta nahodha siku tatu au nne kabla. Usikubali wa kwanza anayekufuata gatini na picha za simu. Uliza mwenye nyumba ya wageni, uliza dukani, uliza mama mwenye watoto amesafiri na nani. Kisha nenda ukakione chombo maji yakiwa yamepwa na kimekaa mchangani, uone ubavu na mkuku wake.

Mambo ya kuangalia: ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, ikoje, ina maji mengi? Maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini kama baharia anayafua (anayachota na kuyamwaga nje) tangu ulipofika mpaka unapoondoka, tafuta kingine. Henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kulikazia na kulilegezea) zisiwe zimefumuka. Mashine iwashwe mbele yako. Kuna nanga mbili? Kuna upondo? Ndani ya mkono wa Takwa hakuna nafasi ya kubisha, yaani kwenda kwa mshazari dhidi ya upepo, kwa hiyo kipande cha mwisho hupigwa upondo au mashine, na watoto hupenda kuona baharia akisukuma chombo kizima kwa mti mmoja. Uliza pia jiko liko wapi. Mashua nyingi hupikia kwenye jiko la makaa lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga. Sanduku hilo liwe upande ambao watoto hawatakaa kabisa.

Halafu keti naye mzungumze. Mwambie wazi: "Ami, nina watoto wawili, wa miaka mitatu na sita. Nataka mwendo wa polepole, tanga lisibebe upepo wote, na nikisema turudi, tunarudi." Nahodha mwenye busara hatakasirika. Wengi wao ni baba na babu, na mara nyingi ndiye atakayekushauri mpunguze safari. Anayecheka na kusema watoto watazoea tu, mshukuru na uende zako.

Malipo yaandikwe hata kwenye ujumbe wa simu: bei, chakula cha nani, mabaharia wangapi (wawe wawili, mmoja hatoshi penye watoto), na hasa hili, ambalo watu husahau: upepo ukiharibika asubuhi ya safari, nani anabeba hasara? Lipa arubuni ndogo na mkubaliane kwamba safari itaahirishwa bila faini. Familia iliyokwisha lipa pesa zote huona haya kuahirisha, na hapo ndipo watu huingia baharini siku isiyofaa.

Swali la mwisho kwa nahodha ni gumu na lazima uliulize: "Mtoto akizidiwa saa tatu usiku, maji yamepwa, tunatokaje?" Anatakiwa akutajie mahali hasa ambapo boti ya mwendo kasi inaweza kufika wakati huo, mtatembea kutoka kambini hadi hapo kwa dakika ngapi, na nani atapigiwa simu. Hospitali ya King Fahd iko mjini Lamu, karibu sana kwa macho lakini si karibu wakati wa maji kupwa. Kama jibu halikutulizi, au mtoto wako ana pumu, degedege, au homa yoyote wiki hiyo, badilisha mpango: laleni Matondoni au Kipungani, vijiji vya kisiwa cha Lamu penyewe, ambako kuna watu, nyumba na njia nyingine ya kurudi mjini.

Ruhusa pia. Takwa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo pitia makumbusho ya Lamu uulize kiingilio na mahali panaporuhusiwa kulala. Ulizeni vilevile polisi au Walinzi wa Pwani kuhusu vyombo kutembea usiku. Baada ya 2011 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama, na amri za namna hiyo hubadilika.

Jaketi okozi

Hapa sitanii wala sipunguzi neno. Karibu kila chombo cha watalii kina jaketi za watu wazima, na jaketi ya mtu mzima kwa mtoto ni hatari kubwa: akiingia majini yeye hushuka nayo hupanda, na kichwa kinabaki ndani. Nunua au azima za saizi ya mtoto kabla ya kufika Lamu, kwa kufuata uzito ulioandikwa ndani, maana umri haukuambii kitu. Kwa mdogo iwe na ukosi wa kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu.

Ijaribu hivi: mvishe, funga mikanda yote, mshike mabegani mwa jaketi umwinue kidogo. Jaketi ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Kisha mpeleke ufukweni penye maji ya kifuani mwako, umlaze chali, umwache aelee huku mikono yako iko chini yake. Mtoto anayejua jaketi inambeba hatapigana nayo siku ya safari. Watu wazima nao wavae, maana watoto hutazama.

Mtoto asifungwe kamba kwenye chombo. Najua baadhi ya wazazi hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini mashua iliyo wazi inaweza kujaa maji au kupinduka, na aliyefungwa huenda nayo. Badala ya kamba, kila mtoto wa chini ya miaka mitano awe na mtu mzima wake mmoja, anayetajwa kwa jina kabla ya kuondoka, asiyepiga picha wala kusaidia tanga. Mkiwa wazazi wawili na watoto watatu wadogo, mchukueni shangazi au mjomba.

Mazoezi mawili

Wiki hiyo hiyo fanyeni safari ya saa moja ya jioni na nahodha yule yule, mbele ya mji tu. Utajua nani anachafukwa na moyo na nani anaogopa chombo kikilala upande. Na usiku mmoja laleni wote juu ya dari au uani, ndani ya chandarua kile kile mtakachokibeba. Mtoto atakayeamka akilia kwa sababu ya upepo, ni afadhali alie hapo.

Mizigo

Maji kwanza. Takwa hakuna maji ya kunywa, na inasemwa kwamba visima kuingia chumvi ni sababu mojawapo iliyowafanya watu wauhame mji katika karne ya 17 na kwenda Shela. Beba lita nne kwa kila mtu mzima na lita mbili hadi tatu kwa kila mtoto, kisha ongeza dumu moja la akiba ambalo halifunguliwi mpaka mmerudi.

Chakula cha watoto kiwe wanachokila nyumbani. Samaki wa kupaka wa nahodha ni mtamu, lakini mdogo aliyechoka anataka kiazi cha kuchemsha, ndizi, tende, boflo na yai. Chukua chupa ya chai yenye uji mzito kwa ajili ya usiku. Mahamri hukaa vizuri mpaka asubuhi.

Kwa jua: kofia zenye kamba ya kidevuni, nguo nyepesi za mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, na kanga mbili tatu za kutengeneza kivuli. Kwa usiku: chandarua kikubwa cha familia, dawa ya mbu inayofaa umri wao, mikeka, shuka, na blanketi jepesi kwa sababu upepo wa alfajiri una baridi kuliko unavyodhani. Mikokoni kuna mbu na usubi, na pwani ina malaria, kwa hiyo chandarua hakina mbadala. Mtoto akipata homa wiki chache baada ya safari, apimwe.

Poti ya mtoto ije, tafadhali. Nepi zilizotumika zirudi mjini ndani ya mfuko uliofungwa, zisiingie baharini wala kuzikwa mikokoni.

Mfuko wa dawa: paracetamol ya maji yenye kipimo, bandeji, dawa ya kuosha vidonda, kibano cha kutolea miiba, chumvi za ORS. Kama ORS zimekwisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vipimo vya kusawazisha. Simu mbili zilizojaa chaji na betri ya akiba ndani ya mfuko usioingia maji, tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima, na filimbi shingoni kwa kila mtoto.

Acha karatasi kwa mtu mjini: jina la nahodha na namba yake, mko wangapi, mnalala wapi, mnarudi saa ngapi. Mkubaliane: Magharibi ikiadhiniwa kesho na hamjaonekana wala kupatikana kwa simu, apige 999 au 112.

Siku yenyewe

Kuleni kidogo, mapema. Tumbo tupu huchafukwa upesi kama lililoshiba. Ondokeni kama saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, ili hata upepo ukisinzia mfike yakiwa bado yanapanda. Kanuni ya kuingia mahali pa kina kifupi ni hiyo: ukikwama maji yakipanda, yatakuinua; ukikwama yakipwa, utalala hapo.

Watoto wakae chini kabisa, karibu na mlingoti, ambako chombo hakitikisiki sana. Kabla ya kuinua tanga nahodha awaonyeshe mahali pa vidole: mbali na kapi (gurudumu la kamba), mbali na henza inapovutwa. Wakati wa kupindua, yaani kugeuza chombo ili upepo uje upande mwingine, foromali (mti wa juu unaobeba tanga) na tanga zima huhamia upande wa pili, na baharia hupita haraka bila kutazama chini. Wape kazi ya mchezo: nahodha akisema "tunapindua", kila mtoto anashika magoti yake na kuhesabu kwa sauti mpaka tanga likae.

Anayeanza kunyamaza ghafla na kupiga miayo anakaribia kutapika. Mkalishe atazame ufuo wa mbali, mpe kipande cha tangawizi au mkate mkavu, na mwondolee simu. Watoto wa chini ya miaka miwili huchafukwa mara chache. Walio kati ya sita na kumi na mbili ndio husumbuka zaidi. Dawa ya kichefuchefu isitolewe kabla hujamwuliza daktari.

Takwa, alasiri mpaka asubuhi

Mkishuka, jambo la kwanza ni mahali pa kulala, kabla ya magofu na kabla ya picha. Tafuta mstari wa majani makavu na takataka ambao bahari huacha inapojaa. Lala juu yake, mbali nao, kwa sababu maji ya saa tisa usiku yatapanda mkiwa usingizini, na siku za kuelekea bamvua kila kujaa hupita kwa jana kidogo. Usilale moja kwa moja chini ya mbuyu mzee wenye matawi makavu.

Familia ilale nchi kavu. Mashua ikipwelewa hulala ubavu, na mtoto hawezi kulala kwenye sakafu iliyoinama. Mabaharia watakaa nayo.

Weka mpaka unaoonekana: kamba au kanga tatu zilizofungwa kwenye miti, na sheria moja tu, hakuna mtoto anayepita pale bila mtu mzima wake. Upande wa pili wa magofu, kwa mwendo mfupi kwa miguu, kuna ufuo wa bahari kuu. Nendeni mkauone, mkaokote makombe, lakini watoto wasiogelee huko. Mawimbi hayazuiwi na kitu. Mkononi nako wavae viatu vya plastiki na waburute miguu wanapotembea majini ili samaki aitwaye taa aliyejificha mchangani asikanyagwe.

Waonyesheni kaburi la nguzo na msikiti, na waambieni kwamba watu wa Shela huja hapa kuomba mvua. Ni mahali pa heshima, kuta zisipandwe.

Watoto wakilala wawe katikati, watu wazima pembeni, na chandarua kimebanwa chini ya mkeka pande zote. Tochi moja iachwe ikiwaka kidogo kwa ajili ya choo. Watu wazima wapeane zamu mpaka maji ya usiku yajae na kuanza kushuka; baada ya hapo wote wanaweza kulala.

Asubuhi maji yamepwa tena, na ndipo watoto hufurahi hasa: kaa wanaotoka mashimoni, mizizi ya mikoko iliyo wazi, matope ya kuchora. Jua likipanda, kuanzia saa nne, warudisheni kivulini wale na kulala.

Kurudi

Fungasha saa saba mchana, mashua ikianza kuelea. Hesabu watoto, jaketi, mifuko ya taka. Mwulize nahodha tena kuhusu upepo, maana alasiri hupanda kuliko asubuhi, na kama mlangoni kuna povu, tanga lifungwe mje kwa mashine. Mkifika Lamu mpigie yule mwenye karatasi umwambie mmefika. Kabla ya kuoga watoto, suuza jaketi kwa maji baridi ya bomba na uzianike kivulini. Chumvi na jua kali ndivyo vinavyooza mikanda.